Managu ya Kando ya Reli

Mvua ya masika ikishika, mboga ya managu humea yenyewe Industrial Area, Nairobi: kando ya reli, nyuma ya kuta za viwanda vya Lunga Lunga, kwenye vifusi vya Viwandani na Mukuru. Hakuna aliyeipanda. Ndege hula matunda na kudondosha mbegu, nao mmea hupenda udongo uliochimbuliwa na kurutubishwa na takataka.

Waliokulia mashambani huitambua bila kuinama. Mgusii huiita rinagu, Mjaluo osuga, Mluhya lisutsa. Vitabuni ni mnavu. Kijana aliyezaliwa Mukuru hufundishwa na mamake: majani laini, yamechongoka nchani, maua madogo meupe yenye kitovu cha manjano, matunda ya kijani yanayoning'inia kwa kishada, yakiiva huwa meusi. Ukiona miiba na tunda la manjano, hiyo ni ndulele. Ua kubwa kama tarumbeta na tunda lenye miiba ni mnanaha, sumu kali. Watoto huchuma yale meusi wakala, ila huonywa wasiguse mabichi, maana yana sumu.

Jioni utawakuta wanawake wakichambua majani mlangoni, mashina yakitupwa pembeni. Hapo ndipo mabishano huanza. Wapo wanaomwaga maji ya kwanza ya kuchemshia ili kupunguza uchungu. Wengine huona hiyo ni kupoteza mboga, kwa kuwa uchungu ndio utamu wake. Jikoni kwa Wajaluo hutiwa maziwa, ikalala, ikapashwa moto kesho yake. Mimi niko upande wa maziwa, na ugali mgumu.

Hofu ya baadhi ya wasomi kwamba hii ndiyo ile sumu ya Ulaya, beladona, haina msingi: ile huzaa tunda mojamoja, si kishada. Hofu ya kweli iko ardhini. Mto Ngong hupita hapa ukibeba maji taka ya viwanda na ya vyoo, na majani ya mboga hufyonza madini kama risasi kutoka kwenye udongo. Kuchemsha huua vijidudu, lakini risasi haiondoki.

Kwa hiyo kabla hujalipia fungu, muulize mama mboga limechumwa wapi. Akisema kando ya mto, mwachie. Ukitaka ya kwako, jaza gunia udongo safi, ponda matunda yaliyoiva, osha mbegu, kausha, upande mlangoni.