Kilwa Kisiwani: mji uliotoka baharini

Mawe ya Kilwa Kisiwani, kisiwa cha pwani ya kusini ya Tanzania, yalikuwa viumbe hai kabla ya kuwa kuta. Ni matumbawe. Yale magumu, ya kale, yalichimbwa nchi kavu kwa ajili ya kuta. Yale laini yalikatwa chini ya maji na kuchongwa yangali mabichi, kwani yakikauka huwa magumu. Hayo ndiyo yaliyotengewa mihirabu na miimo ya milango.

Kilichoyashikamanisha nacho kilitoka huko huko. Matumbawe hupangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa. Joto likikaribia nyuzi 900 za Selsiasi, kaboni dioksidi huyatoka, hubaki chokaa kali inayochemka ikimwagiwa maji. Ikishapakwa ukutani, chokaa hiyo huivuta tena kaboni dioksidi kutoka hewani, polepole, mpaka inarudi kuwa jiwe.

Taabu ilikuwa paa. Boriti ya mkoko ikivuka mita 3 hivi huelemewa na dari ya mawe, ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani ni virefu na vyembamba. Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11, ulipopanuliwa katika karne ya 14, mafundi waliachana na boriti wakainua matao na kuba. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo ustadi wa Kilwa, kuliko hata Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lenye vyumba zaidi ya 100 na kidimbwi cha pembe nane. Dhahabu ya Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo, ililipia yote mawili.

Ajabu ni kwamba msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kumsifu sultani huyo kwa ukarimu, aliandika kuwa mji ulijengwa kwa miti. Sidhani alikosea sana. Watu wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo, na hizo hazikuacha magofu.

Mwaka 2004 UNESCO iliyaorodhesha magofu ya Kilwa Kisiwani kuwa urithi ulio hatarini, mawimbi yakiwa yanazimega fukwe. Yaliondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014. Ukivuka kutoka Kilwa Masoko, mji ulio bara, kwenda kuyaona, tafadhali usipande juu ya kuta. Maji ya mvua hupenya kwenye kila ufa, na chokaa ya miaka 700 haina mbadala.