Bata Maji Wenye Majina

Watazame bata maji mia moja wakielea kwenye bwawa moja, wote weupe pe, wote wenye shingo ndefu na miguu myeusi, nawe utaapa kwamba huwezi kumtofautisha huyu na yule. Sikulaumu. Lakini alikuwako mtu aliyewatazama mpaka akawajua mmoja mmoja kwa sura, akawapa majina, na kwa kuwajua hivyo akafungua mlango wa mambo ambayo hapo kabla hakuna aliyeyajua kuhusu ndege hawa. Habari hii ni ya kweli, watoto, na ilitokea Uingereza, mahali paitwapo Slimbridge.

Magharibi mwa Uingereza kuna mto Severn. Ukikaribia bahari hutanuka mpaka ng'ambo ikaonekana kwa mbali. Ninyi wa Lamu, Tanga na Unguja mnajua maji kujaa na kupwa, na siku za bamvua mmeona maji yanavyokwenda mbali, watu wakatoka kutafuta pweza mwambani. Bamvua letu hupandisha maji kiasi cha mita 4. Bamvua la Severn laweza kufika mita 14! Maji hayo yakishatoka huacha tope tupu mpaka macho yanapokomea, na tope hilo limejaa minyoo, kamba wadogo na konokono. Nyuma ya tope kuna malisho ya majani mabichi, nayo hufurika mvua za baridi zikinyesha. Tope, majani na madimbwi kwa pamoja ndiyo ardhioevu. Ndege hupata humo chakula chake, na usiku hulala katikati ya maji, mahali ambapo mbweha hawezi kumnyemelea.

Miezi ambayo huku kwetu kaskazi inavuma na jua linawaka, kule ni majira ya baridi. Na kaskazini kabisa mwa Urusi, katika nchi tambarare isiyo na miti iitwayo tundra, baridi yake ni ya kutisha. Ardhi hugeuka jiwe, mito hufunikwa na barafu, na katikati ya majira hayo jua halichomozi kabisa. Bata maji wa Bewick huzaa na kulea huko wakati wa kiangazi kifupi. (Bewick alikuwa fundi wa kuchonga picha za ndege kwenye mbao, ndege huyu alipewa jina lake kwa heshima.) Baridi inapoanza kubisha hodi, mla majani na mizizi atakula nini? Hana budi kuondoka. Huruka kufuata ukingo wa bahari, hupita nchi za Baltiki, Ujerumani na Uholanzi, na wengine huvuka bahari mpaka Uingereza. Safari hiyo ni ya kilomita 3,500 hivi. Vifaranga, ambao bado wana manyoya ya kijivu na umri wa miezi michache tu, huisafiri nyumba nzima pamoja, baba na mama wakiwaonyesha njia. Vifaranga hao hawajapata kuiona njia hiyo maishani mwao.

Mtu niliyemtaja ni Peter Scott. Baba yake, Robert Falcon Scott, alikuwa msafiri mashuhuri aliyefia kwenye theluji mwaka 1912 akirudi kutoka Ncha ya Kusini. Peter alikuwa na miaka 2. Katika barua ya mwisho kwa mkewe, baba alimwomba amlee mtoto apende viumbe na maumbile. Na kweli mtoto alipenda. Akawa mchoraji wa ndege na, kwa miaka mingi, mwindaji hodari wa bata bukini. Baadaye akaiweka bunduki chini, akabaki na brashi na darubini.

Mwishoni mwa 1945, Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikiwa vimekwisha, alikwenda Slimbridge na marafiki kutazama bata bukini wa majira ya baridi. Walijificha ndani ya kibanda cha zege kilichojengwa kwa ajili ya askari, wakachungulia kupitia matundu yaliyokusudiwa bunduki. Mahali pale pakamteka moyo. Mwaka uliofuata, 1946, akaanzisha hapohapo shirika la kuwahifadhi ndege wa majini na makazi yao, akajenga nyumba yake pembeni mwa bwawa. Chumba chake cha kuchorea kilikuwa na dirisha kubwa lililotazama majini.

Februari 1964 bata maji wa Bewick walitua mbele ya dirisha hilo. Scott akaketi kuwachora. Hapo ndipo jicho la mchoraji lilipoona jambo ambalo wengi walikuwa wamelipita. Mdomo wa ndege huyu ni mweusi kwa mbele na wa njano karibu na macho, lakini mahali njano na nyeusi zinapokutana hakuna ndege wawili walio sawa. Kwa mmoja, njano hupanda mpaka juu ya mdomo na kukutana na ya upande wa pili. Kwa mwingine, mstari mweusi hushuka kutoka kwenye paji na kuzitenga. Yule ana kidoa cheusi peke yake katikati ya njano. Huyu ana ukingo uliomegekamegeka. Mfugaji wa Kimasai humjua kila ng'ombe wake kwa rangi na mabaka bila kuhesabu; Scott alifika hapo kwa bata maji. Alimchora kila mmoja kwa mbele na kwa upande, akampa jina, na binti yake Dafila akasaidia kazi hiyo. Mmoja waliyemwita Lancelot alirudi Slimbridge kwa majira ya baridi zaidi ya 20.

Hebu tulieni mwone uzito wa jambo hili. Kabla ya hapo, watu waliweza kusema tu kwamba mwaka huu wamekuja bata maji kadhaa na mwaka jana walikuja kadhaa. Sasa waliweza kusema: Lancelot amerudi, na mkewe amerudi, na mwaka huu wamekuja na watoto. Michoro ile iliendelezwa na wengine baada yake, na mpaka leo maelfu ya ndege wamejulikana kwa sura. Ikagundulika kwamba watoto hubaki na wazazi wao majira yote ya kwanza ya baridi, na pengine hurudi kuwatafuta hata wakishakuwa wakubwa. Ikagundulika kwamba mume na mke hukaa pamoja mwaka hata mwaka, mpaka kifo kiwatenganishe. Mnamo 2010 watazamaji wa Slimbridge walishtuka kuona wawili waliozoeana, Sarindi na Saruni, wamekuja kila mmoja na mwenzi mpya. Ilikuwa mara ya pili tu kuona talaka kwa zaidi ya miaka 40!

Ukibahatika kufika huko siku ya Januari, jiandae. Jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na saa kumi na nusu jioni limekwisha kuzama. Vaa sokisi nzito, kofia ya sufu na glavu, maana mtazamaji wa ndege hatembei sana. Hukaa, na baridi humpata aliyekaa. Kando ya madimbwi kuna vibanda vya mbao vyenye madirisha membamba. Ndani yake watu hunong'ona, na hakuna anayetoa mkono nje ya dirisha. Usikimbilie darubini. Tazama kwanza kwa macho matupu, eneo lote, polepole. Ukimwona ndege unayemtaka, usimwondolee macho. Inua darubini mpaka ikutane na macho yako, naye atakuwa ndani yake. Wanaoinamia darubini kwanza, kisha wakaanza kumtafuta ndege, humkosa.

Nje kuna mengi. Kuna bata wenye vichwa vya hudhurungi na paji la rangi ya malai, wanaochunga majani makundi makundi na kupiga mluzi. Kwenye tope wako ndege wa midomo mirefu wanaochoma na kuchomoa bila kuchoka. Mara moja wote huruka kwa kishindo. Hapo tazama juu, si chini, kwa kuwa huenda kozi anapita angani na kila mmoja amemwona kabla yako.

Kisha jioni huja lile ambalo watoto wa huko hulisubiri. Mhifadhi husukuma toroli la nafaka kando ya bwawa na kuimwaga kwa koleo. Bata maji huja mbio, wengine kwa kuogelea, wengine kwa kupiga mbawa juu ya maji, na kelele zao hujaa bwawa zima. Watazameni wawili waliomfukuza mgeni kwenye sehemu yao. Wakishashinda hawaendelei kula mara moja. Hugeukiana uso kwa uso, hufungua mbawa nusu, huinua na kushusha shingo na kuita kwa pamoja. Ndipo utakapojua nani ni mume wa nani.

Na miguu yao, mbona haigandi? Mtu akisimama peku kwenye maji yale dakika chache ataumia. Mguuni mwa bata maji, mshipa unaoshusha damu ya moto umelala sambamba na ule unaopandisha damu ya baridi. Damu inayoshuka hugawa joto lake kwa ile inayopanda, hivyo joto hurudi mwilini na miguuni hufika la kutosha tu kuzuia barafu. Mwili wenyewe umefunikwa haswa: watafiti wa Marekani waliwahi kumhesabu ndugu wa karibu wa ndege huyu unyoya kwa unyoya, wakapata 25,216, na sehemu kubwa ilikuwa kichwani na shingoni.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Ndege hawa hairuhusiwi kuwawinda katika nchi yoyote wanayopita. Hata hivyo, walipokamatwa wachache ili kupimwa na kupigwa picha za eksirei, karibu theluthi moja walikutwa na marisau mwilini. Mtu fulani, mahali fulani njiani, aliwafyatulia, nao wakaendelea kuruka na vyuma hivyo ndani ya nyama. Tena marisau yaliyoanguka majini humezwa pamoja na mchanga, na risasi ni sumu. Wengine hugonga nyaya za umeme gizani. Mwaka 1995 bata maji wa Bewick wanaotua Ulaya Magharibi na Kaskazini walikuwa takriban 29,000. Kufikia 2020 hawakufika 13,000. Na kwa kuwa majira ya baridi yamepungua ukali, wengi siku hizi huishia Ujerumani au Uholanzi, hawaoni haja ya kuvuka bahari. Slimbridge, walikokuwa wakifika mamia, hungoja wachache.

Scott alifariki 1989. Lakini mwaka 2016 mwanamke aitwaye Sacha Dench, mfanyakazi wa shirika lilelile, alijifunga injini mgongoni na parashuti juu ya kichwa, akawafuata bata maji angani kutoka tundra ya Urusi mpaka Uingereza, zaidi ya kilomita 7,000 kwa mizunguko yake. Alitua vijijini, akazungumza na wawindaji na wakulima na watoto wa shule kuhusu ndege wanaopita juu ya mapaa yao. Nampenda mtu wa namna hiyo, anayeifuata habari mpaka nyumbani kwa mwenyewe.

Bata maji wa Bewick hatamwona mtoto wa Kilifi wala wa Rufiji. Safari yake haifiki huku. Ila kwenye tundra ileile, mita chache kutoka kwenye kiota chake, huzaa ndege mdogo kabisa wa pwani, chamchanga mdogo, mwenye uzito wa gramu 25 hivi. Baridi ikianza, yeye haridhiki na Uingereza. Huja Afrika. Utamkuta hori la Mida karibu na Watamu, kwenye delta ya Rufiji na kando ya maziwa ya Bonde la Ufa, akikimbia matopeni pamoja na vitwitwi wengine. Miezi ya Septemba mpaka Aprili ndiyo yake. Baridi anaikimbia kule, huku anaisubiri ipite.

Basi chukueni daftari na penseli. Ukienda Mida usiende maji yakiwa yamekupwa kabisa, maana ndege watakuwa mbali sana. Nenda maji yanapojaa, yakiwasogeza kwako kidogo kidogo. Pitia daraja la mbao lililo katikati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege, kaa kimya. Chagua ndege mmoja tu. Chora mdomo wake: mrefu kuliko kichwa au mfupi, umenyooka au umepinda, kwenda juu au chini. Kisha tazama miguu. Baadhi ya ndege hufungwa pete na watafiti, nyingine zina rangi au herufi. Ukiiona, andika rangi, herufi, tarehe na mahali, umpelekee mwongozaji wa hapo au Makumbusho ya Taifa kule Nairobi, nao watatafuta imetoka wapi. Na usisahau kuandika iko mguu gani. Mguu wa kulia ni kulia kwake ndege, si kulia kwako unayemtazama.