Kura Haitumwi Kama M-Pesa

Nimeulizwa tena, safari hii na Mkenya anayeishi Deira, Dubai: "Kama mshahara nautuma Kenya kwa simu, mbona tume ya uchaguzi, IEBC, isiniruhusu kumchagua rais kwa simu hiyo hiyo?" Wanaouliza hudhani wamemaliza ubishi. Hawajauanza.

Pesa za simu huaminika kwa sababu kila shilingi ina jina lako. Ukikosea namba, muamala unaweza kutafutwa na kurudishwa. Kura haitakiwi kutafutika. Daftari lijue kwamba umepiga, lisijue umempigia nani. Ukiweza kuthibitisha ulivyopiga, utamthibitishia pia aliyekununua.

Tazama chumba cha wafanyakazi kule Al Quoz: vitanda vya ghorofa, kila mtu na simu yake, na anayekudai dirham 500 amelala kitanda cha chini. Akisema, "Hebu nione umemchagua nani," utajificha wapi? Kile kibanda cha kadibodi cha kituoni mnachokicheka ndicho kinachokukinga: mdai wako haingii humo nawe.

Wala msinitajie Estonia. Wanapiga kura kwa intaneti tangu 2005, lakini kwa kitambulisho chenye chipu, na aliyeshurutishwa anaweza kupiga upya au kuifuta kura hiyo kwa karatasi. Ufaransa nayo, mwaka 2017, iliwaondolea raia wake wa ng'ambo kura ya intaneti katika uchaguzi wa wabunge kwa kuhofia wadukuzi.

Njia zilizopo ni hizi. Imarati iliingizwa katika upigaji kura wa diaspora ya Kenya mwaka 2022, kwa urais pekee. Jina lako likiwa kwenye daftari la Kisumu, halihamii Dubai lenyewe: omba uhamisho, la sivyo kata tiketi. Hujajiandikisha? Usajili ukitangazwa, nenda mwenyewe na kitambulisho au pasipoti halali, alama za vidole hazitumwi kwa simu; wanaosambaza kwenye WhatsApp viungo vya "kujisajili" wakiomba picha ya pasipoti ni wezi tu. Pasipoti anayo mwajiri? Sheria ya Imarati inamkataza kuishikilia, idai sasa. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, Jumanne, siku ya kazi: omba ruhusa mapema.

Mwaka 2022, katika nchi 12 za ng'ambo, waliojiandikisha walikuwa elfu kumi na ushei. Lijazeni kwanza daftari hilo, ndipo mdai kura ya simu.