Wavu Uliobaki Kwenye Kisigino

Kila Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, naulizwa swali lilelile. "Dada, soksi za pamba tupu za mtoto zinapatikana wapi? Hizi zenye nailoni hazimalizi muhula." Mwaka huu nimeulizwa kanisani, nikaulizwa ndani ya daladala, nikaulizwa kwenye kikao cha wazazi tulipokuwa tumekaa kujadili uji. Jumamosi iliyopita mama mmoja alitoa soksi nyeupe kwenye pochi, akaingiza ngumi ndani yake na kunielekezea kisigino. Pale palipokuwa na kitambaa palibaki wavu mwembamba, ngozi ya mkono wake inaonekana upande wa pili.

"Unaona nailoni ilivyotufanyia?"

Nimefanya kazi kwenye mashine za kufuma soksi kwa miaka 17, na safari hii najibu hadharani, kwa sababu wazazi wanapoteza pesa muhula hadi muhula wakitafuta kitu ambacho wakikipata kitawaumiza zaidi. Kati ya soksi zote unazoweza kumvalisha mtoto wa shule, ya pamba tupu ndiyo inayowahi kutoboka.

Tuuangalie ule wavu. Soksi nyingi za shule hufumwa kwa nyuzi mbili zinazoingia pamoja kwenye sindano, uzi wa pamba na uzi mwembamba wa nailoni. Fundi anazipanga ili pamba ikae upande wa nje, nailoni ijifiche nyuma yake. Soksi ikiwa mpya, nailoni huioni kabisa. Mtoto anavaa, anakimbia, kisigino kinasugua ukuta wa kiatu, na pamba inaondoka kidogo kidogo hadi siku moja inakwisha. Siku hiyo ndipo unapoiona nailoni kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa ndiyo peke yake iliyo mbele ya macho yako, unaitwisha kosa. Aliyeondoka ni pamba! Nailoni ndiyo iliyobaki kazini. Soksi ile ingekuwa ya pamba tupu, yule mama angeniletea tundu, tena angeniletea mapema zaidi.

Pamba inalika kwa sababu unyuzi wake ni mfupi. Ile inayolimwa kwetu Kanda ya Ziwa ina urefu wa karibu milimita 28, kama kipande cha juu cha kidole gumba. Uzi mmoja wa pamba ni vipande hivyo vingi mno vilivyosokotwa pamoja, na kinachovishika ni msokoto tu, hakuna gundi. Kila kiatu kinaposugua, ncha chache zinachomoka. Yale manyoya unayoyakung'uta kutoka kwenye kiatu cha mtoto jioni ndiyo soksi yenyewe inayohama. Nailoni haina ncha za kuchomolewa. Inatoka kwenye kitundu cha mashine ikiwa imeyeyuka, kama buibui anavyotoa uzi wake, na inakwenda kilomita kwa kilomita bila kukatika. Ukiikunja inarudi, ukiikunja tena inarudi. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanalijua hili kuliko mimi. Nyavu za nailoni zilipowafikia katika miaka ya 1950 na 1960, zile za pamba na kitani ziliachwa, na sijasikia mvuvi anayeulizia wapi atapata wavu wa pamba tupu.

Hapo huwa naambiwa, "Lakini zamani soksi zilikuwa pamba tupu na zilidumu." Hazikudumu. Zilishonwa. Nailoni ilitengenezwa mwaka 1935 na Wallace Carothers katika maabara za DuPont huko Marekani, na soksi ndefu za wanawake zilizofumwa kwa nailoni zikaanza kuuzwa nchi nzima kule tarehe 15 Mei 1940. Kabla ya hapo, nyumba nyingi za Ulaya zilikuwa na kifaa cha mbao chenye umbo la uyoga, kilichotengenezwa kwa kazi ya kuingizwa ndani ya soksi ili kisigino kitililiwe. Fikiri ni mara ngapi kitu lazima kitoboke hadi watu wakichongee kifaa chake. Kwetu mama alitumia balbu ya umeme iliyoungua. Jumapili jioni alikaa barazani na soksi zetu mapajani, balbu ndani, sindano mkononi, na karibu kila Jumapili kazi ilikuwepo.

Sasa lebo. Sokoni utakuta soksi imeandikwa "Pamba 100%" kwa herufi kubwa. Vuta mdomo wake, uachie. Umerudi? Basi ndani yake kuna kitu kingine, kwa sababu uzi wa pamba hauna mvutano wa namna hiyo. Kinachorudisha mdomo wa soksi ni mpira, au elastini, uzi uliobuniwa na Joseph Shivers mwaka 1958, naye akiwa DuPont. Soksi ya pamba tupu kweli ingeshuka hadi kwenye kiatu kabla mtoto hajafika kituo cha daladala. Kwa hiyo lebo inayosema mia kwa mia juu ya soksi inayobana mguu imekudanganya kabla hujafungua mfuko. Ukitaka uhakika, chomoa nyuzi kidogo kwenye soksi iliyochakaa, zishike kwa kibano juu ya sahani ya bati, watoto wakiwa mbali, uziguse kwa moto wa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini la kijivu. Nailoni na poliesta zinasinyaa, zinayeyuka na kuacha shanga ngumu. Nimechoma soksi nyingi za "pamba tupu" zilizonunuliwa mitaa ya Kariakoo. Shanga nimezipata mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Na hapa ndipo ninapowaelewa wazazi, maana wana hofu yenye mzizi. Wanasema nailoni inatoa harufu, inaleta fangasi. Wengi wao hawajakutana na nailoni. Walichokutana nacho ni poliesta, ambayo mtaani yote inaitwa nailoni, na soksi ya poliesta tupu ni mateso kwa mguu wa mtoto. Katika hewa ya maabara, nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba maji kama asilimia 8 ya uzito wake, nailoni kama 4, poliesta haifiki hata nusu ya asilimia moja. Jasho la mtoto ndani ya kiatu kilichofungwa tangu saa moja asubuhi lazima liende mahali. Pamba inalinywa. Lakini pamba ikishalinywa inakawia kuliachia, na fangasi hupenda penye unyevu bila kuuliza umetokana na uzi gani. Mvua za masika zikianza, soksi nene ya pamba iliyofuliwa jioni bado ni mbichi asubuhi, na mtoto anavalishwa hivyohivyo.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba wa Maswa. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye marobota ya pamba. Hakuna mtu anayetaka pamba inunuliwe kunizidi mimi, na ndiyo maana nataka ifumwe kwa akili, iwekwe pamoja na uzi utakaoilinda, ili mtoto aivae mwaka mzima badala ya kuitupa mwezi wa tatu.

Basi, unaponunua. Tafuta pamba kati ya asilimia 65 na 80, nailoni (lebo nyingine huandika poliamidi) kati ya 15 na 30, elastini 2 hadi 5. Lebo usiiamini peke yake. Ingiza mkono ndani, nyoosha kisigino uelekee kwenye mwanga, kisha nyoosha sehemu ya juu ya mguu. Kisigino na vidole vinatakiwa kupitisha mwanga hafifu kuliko sehemu hiyo ya juu. Kama vyote viko sawa, iache hapo hata kama ni jozi tatu kwa bei ya moja. Pindua ndani nje uone mshono wa vidole, uwe bapa, usiwe kamba. Usinunue kubwa "akue nayo", maana kisigino cha soksi kitapanda juu ya kifundo na kitambaa cha ziada kitajikunja chini ya vidole, na penye mkunjo ndipo panaposagwa kwanza. Mtoto anayekua haraka mnunulie zile zilizonyooka kama bomba, zisizo na kisigino. Kila asubuhi zinavaliwa upande tofauti kidogo, kwa hiyo hazisagwi mahali pamoja. Nunua jozi sita za aina moja na rangi moja siku moja, ili moja ikifa iliyobaki ipate mwenza. Kata kucha za mtoto. Ingiza mkono ndani ya kiatu chake, mara nyingi utakuta kitambaa cha kisigino kimechanika na plastiki ngumu imejitokeza, au msumari umeanza kuchungulia. Kiatu hicho kitakula soksi yoyote, hata ya dhahabu. Akirudi nyumbani avue soksi pamoja na viatu, asicheze nazo kwenye sakafu ya saruji.

Kwenye kufua nitasimama kidogo, kwa sababu soksi nyingi nyeupe zinauawa kwenye beseni. Vumbi letu lina chembe za mchanga, na chembe hizo zikiingia katikati ya nyuzi zinafanya kazi ya msasa kila mtoto anapopiga hatua. Geuza soksi ndani nje, ikung'ute, iloweke kwanza kwenye maji matupu yatoe vumbi, ndipo utie sabuni. Usiisugue kwa brashi ya viatu. Na jiki, jamani, jiki! Inachoma pamba ikawa nyepesi kukatika, inageuza nailoni kuwa ya manjano, inakula elastini. Mdomo unalegea, soksi inashuka, inajikusanya chini ya kisigino, halafu inasagwa kwa haraka mara mbili, na mzazi anarudi dukani kuuliza pamba tupu. Anika kivulini, maana jua kali linadhoofisha nailoni. Ninawaomba pia walimu wakuu ambao viwanja vyao ni vumbi jekundu tangu Juni hadi Oktoba wafikirie upya sharti la soksi nyeupe. Kijivu kingeokoa pesa nyingi za wazazi na mikono mingi ya akina mama.

Jambo la mwisho ni ule wavu wenyewe. Ukiuona, usitupe soksi. Wavu ni dalili kwamba pamba imeisha na msingi bado upo, na kutililia juu ya msingi kunachukua dakika kumi, ilhali kuziba tundu kunachukua nusu saa na kuacha uvimbe unaomuumiza mtoto. Yule mama wa Jumamosi nilimwomba aniachie soksi yake. Nyumbani nilitafuta balbu, siku hizi zote ni za plastiki, nikatumia kikombe kidogo cha kahawa. Nilipitisha uzi wa pamba kwa urefu, nikaurudisha kwa upana, chini na juu ya vijicho vya nailoni vilivyokuwa vimekaa palepale, vizima vyote. Jumatatu mwanawe aliivaa shuleni.