Kiinitete Kimoja Chatosha

Ndoa ikikawia kuleta mtoto, lawama humwangukia mke, ilhali upungufu huenda uko kwa mume. Basi wapimwe wote wawili. Kutafuta tiba hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Mwaka 1986, Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana mjini Amman liliruhusu yai la mke litungishwe kwa manii ya mumewe nje ya mwili, kisha lirudishwe tumboni mwa mke huyo huyo. Mtu wa tatu hana nafasi, ili nasaba isichanganyike.

Kiinitete hukuzwa maabara siku tatu hadi tano, ndipo daktari hukipitisha kwa mrija mwembamba hadi katika mji wa mimba. Wengi huomba viwekwe viwili au vitatu kwa pupa ya kufanikiwa. Lakini mapacha huzidisha hatari ya kuzaa njiti na ya shinikizo la damu kwa mama. Kwa mke kijana, kimoja kilicho kizuri mara nyingi chatosha. Wala kulala kitandani siku nyingi baadaye hakuongezi mafanikio.

Mola awaruzuku kizazi chema, na asiyejaaliwa asidharauliwe.