Bunge Likishaahirishwa

Kila mwaka, ifikapo mwisho wa mwezi wa Juni, Bunge la Jamhuri ya Muungano likiisha kupitisha bajeti ya serikali baada ya takriban miezi mitatu ya mijadala, huahirishwa mjini Dodoma, na waheshimiwa wabunge hufunga mizigo yao wakarejea majimboni. Katika miteremko ya Mlima Meru hayo ni majira ya baridi na ukungu. Migomba ya Leguruki hudondosha maji mpaka jua lipande, ilhali upande wa Momela, ambako mlima huzuia mvua, vumbi huwa limekwisha anza kutimka katika njia iendayo Ngarenanyuki. Watu wengi hudhani kwamba mbunge aliyerejea nyumbani wakati huo yumo katika likizo. Dhana hiyo imeenea sana, hata miongoni mwa wasomi, nami naiona kuwa ina madhara, kwa sababu mtu asiyeijua kazi hawezi kumdai mwenye kazi aifanye.

Bunge hukutana mara nne kwa mwaka kwa kawaida: mkutano mrefu wa bajeti, uanzao Aprili, na mikutano mitatu mifupi ya majuma mawili hivi kila mmoja. Ukiongeza na siku za kamati za kudumu, ambazo hutangulia mikutano hiyo, bado husalia sehemu kubwa ya mwaka ambayo mbunge yu huru kukaa na wale waliompeleka. Momela imo katika Jimbo la Arumeru Mashariki, na mbunge wa jimbo hilo, kwa mujibu wa sheria za serikali za mitaa, ni mjumbe wa Baraza la Madiwani la Halmashauri ya Meru, lenye makao yake Usa River. Huketi humo pamoja na madiwani, akasikia habari za zahanati isiyo na mganga na darasa lisilo na paa. Hali kadhalika huingia katika vikao vya ushauri vya wilaya na mkoa, ambako wakuu wa idara hutoa hesabu ya kazi zao. Lakini baraza lililo kubwa kuliko yote hayo, kwa maoni yangu, ni mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi aliyetimiza umri wa miaka 18 ana haki ya kusimama na kusema, akiwa amevaa viatu au hana.

Na husema nini? Aghalabu husema maji. Mgeni afikaye Momela akayatazama maziwa yake, yenye heroe waliotanda kama kitambaa chekundu, hawezi kufahamu kwamba uzuri ule umejengwa juu ya chumvi na madini ya mlima wa moto. Majivu na miamba ya Meru hutoa floraidi, na floraidi huingia katika chemchemi, visima na Mto Engare Nanyuki wenyewe. Maji hayo ni maangavu machoni, hayana rangi wala harufu, lakini mtoto ayanywaye tangu utotoni meno yake hugeuka rangi ya kahawia, na akizidi kuyanywa kwa miaka mingi mifupa yake huweza kupinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa kila lita. Tanzania, kwa dhiki ya maji iliyokuwapo, iliruhusu kwa muda mrefu hata miligramu 4. Na bado maji mengi ya upande huu huzidi kiwango hicho mara nyingi. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wataalamu wamehangaika miaka mingi na njia ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Mbunge hachimbi kisima, wala hachomi mifupa ya ng'ombe. Kazi yake ni kusikiliza maneno ya mama mwenye mtoto wa meno ya kahawia, akayachukua mpaka kwa wakala wa maji vijijini, RUWASA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Akauliza mradi umefika wapi na fedha zimefika kiasi gani. Na asiporidhika, akayageuza maneno yale kuwa swali la Bunge, ili Waziri wa Maji ainuke na kujibu mbele ya taifa zima. Swali hilo likiulizwa na mtu aliyekaa Dodoma mwaka mzima huwa jepesi, na waziri hulijibu kwa wepesi vilevile. Likiulizwa na mtu aliyeonja maji ya kisima chenyewe, akajua jina la kitongoji na idadi ya mabomba yaliyokauka, huwa na uzito, na mbunge huyo hupata hoja ya kuongeza katika maswali mawili ya nyongeza ambayo kanuni humruhusu.

Baada ya maji huja wanyama. Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, imepakana na mashamba, na nyati na tembo hawajui mpaka. Serikali ilitunga mwaka 2011 kanuni za malipo ambayo watu wameyapa jina la huruma: kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Nilisimama siku moja kando ya shamba la mahindi lililolala chini lote, nikamsikia mzee mmoja akisema kwamba fomu alizijaza, picha zikapigwa, kisha kimya. Kuvunja kimya cha namna hiyo, kwa kufuatilia jalada kutoka meza hadi meza, ni kazi ya mbunge ambayo haitangazwi na redio yoyote.

Kuna pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge mwenyewe. Fedha zake si nyingi, nazo hutumika zaidi kumalizia kile ambacho wananchi wamekianza kwa nguvu zao. Wapo wanaosema kwamba mtu aliyechaguliwa kuisimamia serikali hapaswi kushika fungu la fedha, nami naona hoja yao ina insafu.

Lakini wenyeji wa pande hizi waliijua kazi ya kutumwa kabla ya kuwa na mbunge. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili mahali pale pawe mashamba ya mifugo ya walowezi wa Kizungu. Watu hawakushika silaha. Walichanga fedha zao, wakamtuma Kirilo Japhet, na mwaka 1952, akisaidiwa na wakili Earle Seaton wa Bermuda, akasimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla Mwalimu Nyerere hajafika huko. Ardhi haikurudishwa kwa hotuba ile. Hata hivyo Kirilo alirejea, akawaeleza waliomtuma yale aliyoyasema na yale aliyojibiwa, akiwemo yule aliyechanga senti zake chache. Mimi sijui sura ya uwakilishi iliyo kamili kuliko hiyo: kutumwa, kusema, kurudi, na kutoa hesabu.

Katiba yetu imehifadhi nusu moja ya sura hiyo. Ibara ya 71 husema kwamba mbunge akikosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika, hupoteza kiti chake. Na Arumeru Mashariki yenyewe iliyaona hayo, kwani mwezi wa Machi 2019 Spika Job Ndugai alikitangaza kiti cha Joshua Nassari kuwa wazi kwa sababu hiyo. Lakini hakuna ibara inayohesabu mikutano ya kijiji ambayo mbunge hakuhudhuria. Anaweza kukosa mitatu, akakosa thelathini, na kiti kikabaki chake mpaka miaka mitano itimie. Hapo mwenye hukumu ni mpiga kura peke yake, na wapiga kura wa nchi hii wamepata kuhukumu kwa ukali: katika uchaguzi wa mwaka 1965, walipopewa wagombea wawili wa chama kimoja chini ya alama ya jembe na alama ya nyumba, waliwaangusha wabunge wengi, akiwemo waziri Paul Bomani, na malalamiko yaliyosikika pengi ni kwamba wakubwa wale walipofika Dar es Salaam walisahau njia ya kurudi.

Ni haki pia kusema kwamba mbunge anayerudi huelemewa. Mlangoni pake hufika mwenye msiba, mwenye karo, mwenye mgonjwa, kwaya inayotaka vyombo na timu inayotaka jezi, na kila mmoja huamini kwamba mheshimiwa ana mfuko usiokauka. Siwalaumu watu hao, maana shida haingojei utaratibu. Ila naona kwamba rambirambi iliyotolewa leo huweza kufunika bomba ambalo halijatoka maji tangu mwaka jana, na mchango wa jezi ukachukua mahali pa swali lililopaswa kuulizwa Dodoma.

Mkutano wa kijiji una dawa yake kwa hayo, nayo imo katika karatasi ya mtendaji. Watu wakiisha keti chini ya mti, akina mama upande mmoja na kanga zao mabegani, wazee wa ukoo mbele na fimbo zao, mtendaji husoma kumbukumbu za mkutano uliopita, kisha hutaja ajenda iitwayo yatokanayo. Hapo husomwa, kwa tarehe na kwa jina la kitongoji, yale mbunge aliyoyasema mara ya mwisho aliposimama pale, na mwenyekiti humgeukia na kumpa nafasi.