Mlinzi wa kompyuta hatunzi hesabu zako

KWA mfanyabiashara anayeuza kwa kompyuta, kila dakika mashine inapokwama ni hasara. Mchana karani ataizima na kuiwasha. Usiku wa manane je?

Kazi hiyo hufanywa na kifaa kidogo, saa ya ulinzi. Huhesabu kurudi nyuma, tuseme kutoka sekunde 60 hadi sifuri. Programu ikiwa nzima, huirudisha saa mwanzo kabla haijafika sifuri. Ikikwama, hesabu huisha na saa huiwasha mashine upya bila kumsubiri mtu.

Chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilitua katika sayari ya Mars tarehe 4 Julai 1997. Baada ya siku chache ulinzi wa aina hiyo ulibaini kazi haikamiliki kwa wakati, ukawa unaiwasha kompyuta upya mara kwa mara. Chombo kiliokoka, lakini kila mara kazi iliyosalia ya siku hiyo iliahirishwa. Tiba ilipatikana pale wahandisi walipoigundua kasoro ndani ya programu na kutuma marekebisho kutoka duniani.

Mfanyabiashara ajifunze hapo. Saa ya ulinzi hurudisha mashine kazini; hairudishi mauzo ambayo hayakuhifadhiwa. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: saa ipo? Imewashwa? Inaandika kila inapoiwasha mashine upya? Mashine inayojiwasha mara tatu kwa wiki ina ugonjwa, mwite fundi. Na nakala ya hesabu itoe kila jioni, uiweke nje ya mashine hiyo.